Uwanja Usiozama

Mji wote wa Skelbrough, kule Yorkshire, Uingereza, umezama ardhini, isipokuwa uwanja wa mpira. Si siri, na wala si jambo la kubishania. Weka gololi mlangoni mwa kanisa la Wamethodisti uone itakavyokimbilia mimbarani bila kusukumwa na mtu. Ukuta wa shule una ufa ambamo vizazi vya watoto vimeficha pipi na barua za mapenzi. Watu wa hapa hujifunza kutembea juu ya sakafu iliyoinama, kisha wakienda kwa shangazi zao Leeds hujikwaa kwenye sakafu iliyonyooka, na wenyeji wao wakadhani wamelewa. Ndiyo malipo ya kujenga mji juu ya makaa ya mawe halafu kuyachimba makaa hayohayo kutoka chini ya miguu yenu. Lakini uwanja wa klabu ya Skelbrough Welfare, mali ya wachimbaji tangu enzi za babu zao, umetulia sawasawa kama maji kwenye beseni.

Aliyechora mistari ya uwanja huo alikuwa Enid Garbutt, mwanamke mfupi, mkavu, asiyevua koti la mgodini la marehemu baba yake, koti lililomfika magotini. Kazi ya kumlisha ilikuwa kushona suruali kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Kazi ya moyo wake ilikuwa kusukuma kile kitoroli cha rangi nyeupe kila Ijumaa ya msimu, mvua inyeshe, barafu ianguke. Enid alikishika baba yake alipougua miguu, akaendelea nacho mpaka yeye mwenyewe akaanza kuugua magoti. Mchezaji akitema mate juu ya mstari wake, Enid alimwita kwa jina lake lote la ubatizo mbele ya mashabiki. Kuna mwamuzi aliwahi kukanyaga rangi mbichi, na hadi leo akipangiwa mechi ya Skelbrough huingia uwanjani akirukaruka kama mbuzi. Enid mwenyewe aliposwa mara mbili. Wa kwanza alikuwa mlevi. Wa pili hakuwa na dosari hata moja, ila alishabikia Ravensley, mji wa jirani, na Enid akasema basi afadhali yule mlevi.

Timu yenyewe usiniulize. Inacheza ngazi za chini kabisa za soka ya Uingereza, kule ambako televisheni haijui njia. Kuna Jumamosi ambazo mbwa waliokuja na wenyewe hukaribia kuwa wengi kuliko watu. Mara moja tu, miaka ya hamsini, ilifika raundi ya kwanza ya Kombe la FA, ikapigwa saba kwa moja na timu ya mjini yenye jina kubwa. Wazee husimulia lile bao moja kana kwamba yale saba yalifungwa na upepo.

Aliyefunga lile moja hakuwa baba yake Enid, ingawa ukimsikiliza mwenyewe ungedhani alikuwepo mguuni mwa mfungaji. Wilf Garbutt alikuwa mchimba makaa, na ujanani alicheza winga ya kushoto. Alikuwa mtu mwema, lakini Mungu alimpa ulimi usio na breki. Alisema aliwahi kufunga bao la kona huku theluji imemziba macho yote mawili. Alisema mbwa wake anajua kuotea kuliko waamuzi wote wa Yorkshire. Watu walimpenda kwa hadithi zake na hawakuziamini hata moja, na yeye hakuonekana kujali.

Ila hadithi moja aliisimulia tofauti. Hiyo aliitoa kwa sauti ya chini, bia ikiwa imebaki nusu, macho yake yakitazama sakafu ya baa ya klabu kana kwamba anaona kilichopo chini yake.

Ilianzia mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita, kampuni ilipowafungia wachimbaji milango ya mgodi ili wakubali mshahara mdogo. Miezi ikapita bila kazi na bila mkate wa maana. Wanaume, kwa vile hawakuwa na la kufanya na mikono yao, wakachukua masepetu yao wenyewe wakaenda kwenye mteremko wa kondoo nje ya mji, kipande pekee cha ardhi ambacho hakikuwa cha kampuni, wakaukata ule mteremko mpaka ukawa tambarare. Wanawake na wasichana walibeba mawe kwenye aproni zao. Hilda, ambaye baadaye alikuja kuwa mama yake Enid, alikuwa msichana mdogo tu, akabeba mpaka aproni ikachanika, akashonewa, akabeba tena. Walikuwa na njaa, nawe fikiria mtu mwenye njaa anabeba mawe ili watu waje kupiga mpira.

Miaka ikapita, kule chini ya ardhi kazi ikasogea kufuata tabaka la makaa, hadi siku moja wanaume wa zamu ya Wilf wakatambua wamefika chini ya uwanja wao. Tabaka la hapo lilikuwa nene na safi kuliko yote waliyokuwa wameyakuta, na wao walilipwa kwa uzito wa makaa. Wakatazamana kwa mwanga wa taa za kofia. Kisha wakaliacha. Walichimba kulizunguka, upande huu na upande ule, wakaacha nguzo ya makaa yenye ukubwa wa uwanja mzima, na mbele yake wakajenga ukuta wa mawe ili msimamizi akipita adhani nyuma yake kumeshachimbwa na kujazwa kifusi. Pengo la makaa walilifidia kwa jasho, kwa kuchimba haraka zaidi kwingine. Na mpimaji aliyechora ramani ya mgodi, Cyril Ottley, alichora kwamba pale pote pamechimbwa, pamekwisha. Cyril alikuwa kipa wa Skelbrough Welfare. Mipira ya juu ilimshinda maisha yake yote, lakini ule aliudaka.

Kila mara kuna aliyeuliza swali lilelile: kama mliweza kuacha makaa chini ya uwanja, mbona hamkuacha chini ya nyumba zenu? Wilf alijibu vilevile kila mara.

"Nyumba zilikuwa za kampuni. Uwanja ulikuwa wetu."

Na kila mara, kabla watu hawajapata nafasi ya kulitafakari neno hilo, sauti ya Hilda ilitoka meza ya wanawake.

"Njia ya mwongo ni fupi, Wilf, na ya kwako inaishia kwenye bia ya tatu."

Baa nzima ilivunjika mbavu. Hata meneja wa mgodi, ambaye siku za Jumamosi alikunywa pale na wasaidizi wake, alicheka hadi akafuta macho. Hilda alikuwa hodari wa kumcheka mumewe. Alimwiga, alimkatiza, aliwaambia watu wamwulize pia kuhusu mbwa na kuotea. Enid, akiwa msichana, aliona haya hadi masikio yakamwaka, si kwa sababu ya baba kusema uongo, maana hilo alilizoea, bali kwa sababu mama hakumwachia hata huo mmoja. Aliyemshangaza ni baba mwenyewe. Hakukasirika hata siku moja. Alimtazama mkewe kule mezani, akatabasamu, akamaliza bia yake.

Nyumbani kwao, Low Row, jikoni palikuwa pameinama kuliko nyumba zote za mtaa ule. Meza ilifuata sakafu. Yai likiwekwa upande wa dirisha lilianza safari lenyewe, likapita katikati ya vikombe, likaangukia upande wa jiko. Hilda alimfundisha bintiye kusimama pale mwisho wa meza na kutandaza aproni, na Enid alijua kudaka mayai kabla ya kujua kusoma. Baadaye serikali ilichukua migodi na kutuma mafundi kunyoosha sakafu za watu bure. Walinyoosha Low Row yote. Walipofika kwa Garbutt, Hilda aliwazuia mlangoni na mti wa kusukumia unga mkononi, akasema yeye amezoea, waende kwa wenye shida. Enid alimuuliza sababu. Mama akamwambia vikombe havijioshi vyenyewe.

Wilf akafa, amani iwe juu yake, na hadithi yake akaenda nayo. Miaka michache baadaye, baada ya ule mgomo mkubwa wa wachimbaji wa nchi nzima, mgodi nao ukafungwa. Siku ya mwisho bendi ya matarumbeta iliwasindikiza wachimbaji kutoka getini, wanaume wazima wakilia bila kujificha, na Enid alisimama kandokando ya barabara amemshika mama yake mkono. King'ora kilipolia mara ya mwisho, Hilda alisema polepole, "Sasa Wilf angeweza kusema atakacho." Enid alidhani ni majonzi ya mjane. Akambana mkono, wakarudi nyumbani kunywa chai. Hilda naye hakukaa sana.

Hayo ni ya zamani. Ya juzi yalianza Februari moja, wakati barabara ya Chapel Street ilipofunguka mdomo mbele ya duka la mikate na kumeza gari la kupelekea mikate, dereva akiwa ndani ya duka anasaini risiti. Hakuumia mtu. Lakini halmashauri ya wilaya ilishtuka, ikatoa ramani za kale za mgodi, na kwenye ramani hizo uwanja wa Welfare ulikuwa umechorwa mistari ya mshazari, maana yake chini yake ni pango. Wakaja na minyororo, wakafunga geti. Hakuna kuingia, hakuna kucheza, hadi ardhi ichorongwe, itobolewe kwa mtambo, ijulikane kilichopo chini. Ikiwa ni pango, basi uwanja umefungwa milele, kwa sababu hakuna mtu atakayetoa pesa za kulijaza.

Mwenyekiti wa klabu, Barrie Stott, fundi vigae mwenye tumbo na roho nzuri, aliita mkutano. Hakuzunguka mbuyu. Klabu isiyo na uwanja itafutwa kwenye ligi mwisho wa msimu. Ravensley wamejitolea kuwapokea, timu mbili ziwe moja, wachezee kule, jina la Ravensley likitangulia. Mzee mmoja aliinuka, akavaa kofia, akatoka nje, na kila mtu alielewa.

Ndipo Enid alipoinua mkono. Hakuwa amejipanga kusema. Alisema tu kwamba baba yake alikuwa akisimulia kuhusu nguzo. Maneno yalimtoka machache, makavu, na kabla hajafika mwisho aliona nyuso za wazee zikianza kulainika kwa tabasamu lilelile la baa, na kule nyuma mtu akanong'ona kitu kuhusu mbwa na kuotea.

"Enid, mpenzi wangu," Barrie alisema, kwa upole uliouma kuliko kicheko. "Sote tulimpenda baba yako."

Akakaa. Njiani kurudi nyumbani alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Miaka yote hakuwahi kujiuliza kama anaiamini ile hadithi. Aliiweka mbali, kama sahani ya ukumbusho isiyopakuliwa chakula. Sasa ilibidi ijulikane. Ikiwa chini ni pango, atapoteza uwanja, na baba yake atakuwa mwongo mbele ya mji mzima, safari hii kwa ushahidi wa mashine.

Mhandisi aliyeletwa alikuwa binti wa Bradford, Nasreen Akhtar, mwenye buti kubwa na kilemba cha sufu kilichokuwa na tope kabla hata kazi haijaanza. Enid alimletea chai, kwa sababu hata adui akifanya kazi kwenye baridi anapewa chai. Nasreen alimuuliza ni nani aliyechora mistari mizuri namna ile. Basi wakaanza mazungumzo, na Enid akajikuta amemwaga hadithi yote, nguzo, ukuta wa mawe, kipa. Akangoja acheke.

Nasreen hakucheka. Alikunja ramani, akasema ameshaona ramani zikidanganya na wazee wakidanganya, kwa hiyo yeye huuliza mtambo tu. Kisha akaongeza kwamba, kwa jinsi anavyoona, uwanja huu ulitakiwa uwe umezama zamani, na hajui kwa nini haujazama. Enid akamweleza wanavyosema watu, kwamba baba zao waliujaza kifusi kila ulipozama. Nasreen akatikisa kichwa. Alikuwa ameshapiga shimo dogo kwa jembe. Chini ya nyasi palikuwa na udongo uleule wa mteremko wa kondoo, bila kifusi hata kidogo.

Siku ya kuchoronga mji mzima ulikuja ukasimama nje ya uzio, kama mechi. Mke wa Barrie aliuza pai na njegere. Walianza nje ya mistari, nyuma ya goli la upande wa chini, karibu na maegesho. Mtambo ukaunguruma, vyuma vikazunguka na kushuka, maji ya kijivu yakapanda na unga wa mwamba. Muda mrefu hakuna kilichobadilika. Halafu kwa ghafla vyuma vikadondoka kwa pigo moja, urefu wa mtu mzima, bila kugusa kitu, na yale maji yakatoweka yote ardhini. Fundi wa mtambo akazima injini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Palikuwa pango.

Barrie alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Enid aligeuka akaanza kwenda zake. Alitembea hadi getini, na kusema kweli alikuwa amekusudia kwenda nyumbani, kufunga mlango, na asichore mstari tena maishani mwake. Lakini nyuma yake alisikia mtambo ukiwashwa na minyororo yake ikisaga, akageuka kuangalia, akaona wanaupitisha moja kwa moja juu ya mstari wa boksi la penalti. Hilo lilimshinda. Alirudi mbio kwa magoti yale mabovu, akamwambia fundi kwamba hata kama uwanja unakufa, maiti haikanyagwi, na mbao zipo pale ukutani za kutandika chini. Fundi, mwanamume wa miraba minne, aliomba radhi kama mtoto wa shule. Walitandika mbao. Kwa hiyo Enid alikuwa amesimama pale pale, mita chache kutoka duara la katikati, vyuma vilipoanza kushuka tena.

Kijivu. Kijivu. Maji yalipanda kama ya kwanza, na watu uzioni waliacha kutafuna. Walipokaribia kina kile kile, fundi alipunguza mwendo na mkono wake ukakaza kwenye kishikio, akingojea vyuma vidondoke. Havikudondoka. Viliendelea kuzunguka, polepole, vikikata kitu. Kisha maji yakageuka.

Yalitoka meusi. Hayakuwa na weusi wa tope, yalikuwa meusi ti, yanayong'aa, yakamwagika juu ya mbao na juu ya nyasi za Enid, na safari hii yeye hakumkemea mtu. Harufu ikapanda, ile harufu ambayo Skelbrough haikuwa imeinusa tangu king'ora kile, harufu ya makoti ya baba zao yakining'inia nyuma ya milango. Kule uzioni mzee mmoja alivua kofia. Kisha mwingine. Wakavua wote, mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye uwanja wowote wa mpira, na nimekaa kwenye viwanja vya mpira maisha yangu yote.

Walipovuta bomba la sampuli, ndani yake kulikuwa na makaa, kipande cha mviringo kizima, kimekatwa laini. Enid alikitazama. Nasreen, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia watu, alimshika bega.

Kazi ikaendelea wiki ile. Kila tundu ndani ya mistari lilitoa makaa. Kila tundu hatua chache nje ya mistari lilikuta mawe yaliyopangwa kwa mkono, jiwe juu ya jiwe, na matundu ya mbali zaidi yalikuta pango. Siku ya mwisho Nasreen alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari lake, akatia nukta mahali pa kila tundu, akaziunganisha kwa kalamu. Akabaki ameiinamia ile karatasi.

"Nimechoronga nchi hii kutoka kaskazini hadi kusini, mama," alisema. "Watu huacha makaa wakiogopa, au wakishindwa. Sijawahi kuona walioyaacha kwa umbo."

Ulikuwa uwanja. Pembe nne, marefu na mapana, umechorwa gizani na watu waliojikunja ndani ya tabaka la makaa lisilowaruhusu hata kunyoosha mgongo, bila jua, bila kamba ya kuonekana kutoka juu, huku kila pigo la sururu walilojizuia kulipiga likiwa ni chakula cha watoto wao. Na walipatia. Enid aliweka kidole kwenye pembe moja akakivuta taratibu hadi nyingine. Njia hiyo aliijua kwa miguu yake. Kila Ijumaa, miaka yote hiyo, alikuwa amepita na kitoroli chake juu ya mstari ambao baba yake aliuchora kabla yake kwa sururu, palepale, chini ya nyayo zake, na uzito wote wa uwanja, wa wachezaji, wa mbwa na wa yeye mwenyewe ulikuwa umebebwa na watu waliokwisha kufa. Nywele zilimsimama. Alijisikia mdogo sana na akafurahi kujisikia hivyo.

Barrie alikuja kumtafuta, akasimama mbele yake akikunja na kukunjua kofia yake. Alisema uwanja utafunguliwa na Ravensley wamejibiwa, wabaki kwao. Alitaka kuongeza jambo kuhusu ule mkutano. Enid alimwambia akamlete mtu wa kusafisha zile nyasi, zimejaa weusi, na Jumamosi kuna mechi.

Nasreen alimpa kile kipande cha kwanza, kilichotoka duara la katikati, kirefu kama chupa ya soda. Enid alikifunga kwenye skafu akaenda nacho Low Row. Aliingia jikoni, jiko lilelile lililoinama, kwa sababu na yeye, bila kujua kwa nini, hakuwahi kulinyoosha. Akakiweka mezani upande wa dirisha ili atie maji kwenye birika.

Nyuma yake akasikia kitu kinaviringika.

Aligeuka, mkono ungali kwenye bomba. Makaa yalikuwa yameanza safari, polepole, yakipita pale yalipokuwa yakipita mayai. Na hapo ndipo alipomsikia mama yake, waziwazi, kutoka meza ya wanawake: njia ya mwongo ni fupi, Wilf. Alimwona meneja wa mgodi akifuta machozi ya kicheko. Alimwona msaidizi wake pembeni, ambaye kesho yake angeweza kushuka na taa, kuvunja ukuta wa mawe na kuyachukua yote, kama tu angekuwepo mtu mmoja katika baa ile wa kunyamaza na kuamini. Hilda hakuruhusu awepo. Alicheka kwanza, akacheka kwa nguvu, akacheka kila Wilf aliposimulia, na siri akaitunza hadi mgodi ulipofungwa. Na baba akamtazama, akatabasamu, akamaliza bia yake. Sasa Wilf angeweza kusema atakacho.

"Ah, mama," Enid alisema, na machozi yakamtoka, machozi ya mtoto, bila haya.

Makaa yalikuwa yamefika katikati ya meza na yanaongeza kasi. Aliivuta aproni kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango, ya mama yake, yenye kiraka, akaenda kusimama upande wa jiko. Akaitandaza kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akangoja yaanguke.